Pini zimelingana, mashine haiwaki

Ndugu msikilizaji, Jumamosi ya juma lililopita nilikuwa Makambako, pale njia panda ambapo magari ya Njombe na Songea huagana na magari ya Mbeya. Baridi ya asubuhi ya Makambako anayeijua anaijua. Nilikuwa nimeketi katika duka la steshenari la mpwa wangu, si mbali na stendi, nimekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili, na mezani mbele yetu kulikuwa na kompyuta isiyotaka kuamka.

Sikusema mbovu. Feni zilikuwa zinazunguka, kitaa cha mbele kinawaka, lakini kioo kimekaa giza, hakisemi lolote. Mpwa wangu alikuwa ameifungua na kuifunga tangu Ijumaa jioni, hata ncha za vidole zilikuwa zimechubuka. "Mjomba," akaniambia bila kuniangalia, "hapa nimeshamaliza milioni moja na laki mbili."

Fedha hizo nazijua zilikotoka. Laki saba ni za mama yake, yaani dada yangu, na zilitoka katika viazi mviringo vya shamba la Njombe. Laki tano zilikopwa kwenye kikoba cha akina mama, kwa jina la huyo huyo dada yangu, na marejesho yake ni kila Alhamisi. Akina mama wa kikoba, ndugu msikilizaji, hawataki kujua habari za feni zinazozunguka. Wao wanataka kuona daftari limejazwa.

Swali la kwanza ambalo mama yake alimwuliza, na ambalo mimi pia nilimwuliza, ni kwa nini hakununua kompyuta iliyokwisha kuundwa kama wafanyavyo wenzake. Jibu lake halikuwa la kijinga. Alikuwa nayo moja, zile za mtumba zinazotoka katika ofisi za Ulaya, zenye majina makubwa kama Dell na HP. Ilimtumikia vizuri kwa kuchapa barua na mitihani ya shule. Lakini siku hizi wateja wanataka video: harusi, kipaimara, sendofu. Mashine ile ilikuwa ikikata video ya dakika 10 kwa muda wa kutosha kupika maharage. Alipotaka kuiongezea nguvu, akaambiwa kwamba plagi ya pawasaplai yake si ya kawaida. Na hilo ni kweli. Mashine nyingi za ofisini za makampuni hayo zina plagi za aina yake zenyewe, wala huwezi kwenda dukani ukanunua pawasaplai yoyote ukaipachika.

Kisha kuna jambo la Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Windows 11 nayo inachagua nyumba ya kuingia. Kwa prosesa za Intel inataka, kwa ujumla, kizazi cha nane na kuendelea. Kwa zile za AMD Ryzen inataka kuanzia zile za mfululizo wa 2000. Tena inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho mara nyingi kimo ndani ya mashine tayari ila kimezimwa, na mtu asiyejua kukiwasha anadhani hanacho. Mashine ya zamani ya mpwa wangu ilikuwa ya kizazi cha nne. Basi kijana akaamua: nitaunda yangu, kipande kwa kipande.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu majina, maana hapa ndipo wengi tunapopigwa. Mitaani kwetu tukisema "sipiyu" tunamaanisha lile sanduku zima linalokaa chini ya meza. Kumbe CPU yenyewe, hiyo prosesa, ni kijibati cha kukaa kiganjani, kinachofanya hesabu zote. Inakaa juu ya mazabodi, ule ubao mkubwa unaounganisha kila kitu. Ukimpigia simu muuzaji wa Dar es Salaam ukamwambia unataka sipiyu ya laki mbili, yeye anajua unataka kimoja na wewe unajua unataka kingine, na simu itakatika kila mmoja ameridhika.

Mpwa wangu hakukosea hapo. Alikosea mahali pagumu zaidi. Alinunua prosesa ya Intel Core i5-8400, iliyotoka mwaka 2017. Ni chaguo zuri kwa fedha yake: ina viini sita, iko katika orodha ya Windows 11, na ndani yake umo mtambo wa picha unaosaidia kufunga video bila kununua kadi ya picha ya bei mbaya. Prosesa hiyo inakaa katika soketi iitwayo LGA 1151, yaani yenye pini 1151. Akatafuta mazabodi yenye soketi LGA 1151. Muuzaji mmoja akamwambia anayo, safi, bei nafuu. Ikapakiwa katika basi, ikafika Makambako asubuhi, kijana akaipachika. Pini zikalingana. Mashine haikuwaka.

Nikamwomba tochi ya simu. Pembeni ya mazabodi ile palikuwa pameandikwa H110. Hapo nikajua.

Ndugu msikilizaji, Intel walitengeneza soketi 1151 mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya prosesa za kizazi cha sita na cha saba, na mazabodi zake zina chipuseti za mfululizo wa 100 na 200, kama hiyo H110. Kisha wakaleta kizazi cha nane na cha tisa, wakaacha idadi ile ile ya pini na umbo lile lile, lakini wakabadili kazi za baadhi ya pini, wakataka chipuseti za mfululizo wa 300: H310, B360, Z370 na ndugu zake. Ni kama funguo mbili za kufuli za kampuni moja: zote zinaingia tunduni, mmoja tu ndio unaozunguka. Wakubwa hao wangeliita soketi ya pili jina jingine, dada yangu asingelia. Lakini hawakufanya hivyo, na sisi wa Makambako hatukuulizwa.

Je, muuzaji alijua? Sijui, wala sitamtaja. Alipopigiwa simu alisema bidhaa ikishauzwa hairudi, na kwamba yeye aliulizwa soketi 1151 akatoa soketi 1151. Katika maneno hayo hakuna la uongo hata moja, na ndiyo maana yanaumiza.

Dawa yake ni ndogo kuliko hasara yake. Kila mtengenezaji wa mazabodi, awe ASUS, Gigabyte, MSI au ASRock, anayo katika tovuti yake orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao huo, jina kwa jina, pamoja na toleo la bayosi linalohitajika. Unaandika jina kamili la ubao, si jina la soketi, unatazama kama prosesa yako imo. Kazi hiyo inamalizwa kwa simu ya mkononi na kifurushi cha shilingi mia chache. Toleo la bayosi nalo si la kupuuza. Kwa upande wa AMD, soketi iitwayo AM4 imebeba prosesa za Ryzen tangu za mwaka 2017 hadi za mfululizo wa 5000, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini ubao wa zamani usiosasishwa bayosi unaweza kuikataa prosesa mpya vile vile, kimya kimya, feni zikizunguka.

Na herufi ya mwisho isomwe. Rafiki wa mpwa wangu, pale pale stendi, alinunua Core i5-9400F akashangaa kuona kioo giza. Ile F inamaanisha kwamba mtambo wa picha haumo, ni lazima ununue kadi. Herufi moja ilimla laki na nusu.

Nikumbushe hapa, kwa vijana, kwamba kuchagua kompyuta ni anasa mpya katika nchi hii. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali, na televisheni zikaingia katika marufuku hiyo hiyo. Marufuku ilikuja kulegea katika miaka ya 1980, na wengi wetu huku Bara tulianza kuona televisheni ya nyumbani ITV ilipoanza mwaka 1994. Mimi nilisoma sekondari bila kuona kompyuta kwa macho. Sasa mpwa wangu anaulizwa anataka DDR4 au DDR5, na mtu anayemwuliza yuko umbali wa kilometa mia kadhaa na ana haraka ya kufunga duka.

Tuje kwenye RAM, nisipite mbali. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina mkato wake mahali pake, na ukiona unalazimisha kwa dole gumba, acha. Vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa inasoma viwili kwa pamoja. Lakini mpwa wangu alinunua kimoja cha GB 8 tu, na safari hii simlaumu. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda duniani kote, maana viwanda vilielekeza mali yao kwenye mitambo mikubwa ya akili bandia. Kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina ambalo sisi wanunuzi wadogo tulilizoea. Mkulima wa viazi wa Njombe analipia mitambo ambayo hataiona. Acha kibaki hicho kimoja, tundu la pili lingoje mavuno.

Kwa diski, nunua SSD hata iwe ndogo, iweke Windows humo, na diski ya zamani izungukayo itunze video. Badiliko hilo peke yake huifanya mashine ya kizee itembee. Ila ukiona SSD au flashi ya TB 1 kwa bei ya soda na chipsi, jua umeletewa kasha tupu. Zipo zinazodanganya ukubwa: zinajitangaza TB 1, ndani ni GB 32, na zikijaa zinaandika juu ya kazi yako ya zamani bila kukuambia. Harusi ya watu inapotea hivyo. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza diski yote kisha kuisoma upya. Iache ifanye kazi usiku kucha kabla hujamwamini muuzaji.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nina kidonda, nako ni pawasaplai. Kila mtu akiwa na fedha kidogo huila huku. Anatafuta prosesa kwa miezi mitatu, halafu anachukua sanduku la umeme lolote lililokuja na kasha. Kilichokuja na kasha la mpwa wangu kilikuwa kimeandikwa wati 500. Nikakipima kwa mkono: chepesi kama mkate. Pawasaplai ya kweli ina vyuma vya kupoza joto na koili za shaba, ina uzito. Mashine ile bila kadi ya picha haitumii hata wati 150. Sanduku la kweli la wati 350 lenye nembo ya 80 Plus lingetosha na kubaki. Wati 500 za karatasi hazina kazi.

Tena nyuma yake palikuwa na kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kilikuwa kwenye 230, Mungu mkubwa. Miaka iliyopita mimi nilichomeka moja iliyowekwa 115, nikiwa Njombe mjini, mbele ya wageni. Umeme wetu ni volti 230. Kilitoka kishindo kama baruti na moshi wa kuwasha pua, na wageni wakakumbuka wana safari.

Huku kwetu umeme si mbaya kama zamani. Ile njia ya kilovoti 220 ya kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018, iliwatoa watu wengi katika majenereta. Lakini mvua za masika zikianza na miti ikaegemea waya, umeme unakatika, na shida kubwa haiko katika kukatika. Iko katika kurudi. Unarudi kwa kishindo, unashuka, unarudi tena. Kwa hiyo kijana akiniambia ana laki moja ya ziada anunue nini, simwambii kadi ya picha. Namwambia UPS yenye kusawazisha volti.

UPS nayo ina hesabu yake. Ile ya VA 650 haitoi wati 650. Hutoa kama wati 360 hivi, na betri yake ya kawaida ni ya volti 12, ampea-saa 7. Zidisha: wati-saa 84 za kwenye karatasi, na unapoivuta kwa nguvu hupati zote. Usitegemee kumaliza harusi. Tegemea kama robo saa ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Na jamani wenye steshenari, msichomeke printa ya leza kwenye UPS! Printa hiyo inapopasha moto roli lake inavuta umeme kwa mkupuo, itaiua betri yenu kabla ya mwaka. Ichomekeni ukutani.

Jambo jingine la nyumba za kupanga: ukigusa kasha la kompyuta vidole vinasisimka, kama unang'atwa na mdudu asiyeonekana. Watu wanacheka, wanasema kompyuta ina nguvu. Hiyo ni dalili kwamba waya wa ardhi haujaunganishwa popote. Mwite fundi umeme, aweke fimbo ya shaba ardhini. Kwa baridi yetu, tena, mashine iliyolala dukani usiku wa Julai ukaiingiza ghafla katika chumba chenye jiko la mkaa itatoka jasho ndani. Iache saa mbili tatu kabla ya kuiwasha. Vumbi la mbao nalo, kwa walio karibu na viwanda vya kupasua magogo, hukaa katika feni kama unga wa ugali. Brashi ya rangi ya shilingi elfu moja mia tano inatosha, mara moja kwa mwezi, mashine ikiwa imezimwa.

Lakini narudi mezani. Jumamosi ile tulikuwa na njia mbili. Kule Njombe yuko fundi ninayemfahamu, ana prosesa za kizazi cha sita zilizotolewa katika mashine za ofisi zilizokufa. Tungebadilishana, H110 ingewaka siku hiyo hiyo, na Alhamisi ingepata marejesho. Ila Windows 11 isingekubali, na baada ya mwaka tungekuwa pale pale. Njia ya pili ni kumwuzia fundi mazabodi ile kwa hasara, tuagize H310.

Mpwa wangu alitaka ya kwanza. Alikuwa na mitihani ya shule mbili ya kuchapa, na aliona haya kwa mama yake. Mimi nilitaka ya pili. Tulibishana tangu Makambako hadi Njombe, kilometa kama 60, ndani ya Noah iliyojaa, hata mama mmoja mwenye kuku akatuambia, "Kamwene, ninyi, huyo sipiyu ni mgonjwa wa nani?"

Fundi alitoa shilingi elfu sitini kwa ubao ulionunuliwa elfu tisini na tano. Kabla hajatoa, aliipachika prosesa yake ya kizazi cha sita juu yake, na kioo kikawaka papo hapo. Mpwa wangu aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya Mjomba, agiza hiyo nyingine." Safari hii nilimwambia yeye mwenyewe asome orodha kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa sauti, herufi kwa herufi, na muuzaji tukamtaka apige picha ya maandishi yaliyochapwa kwenye ubao, si ya boksi.

H310 ilifika kwa basi Jumanne usiku. Ilitugharimu laki moja na elfu thelathini, pamoja na nauli ya kifurushi. Pawasaplai tulibadili pia, na fedha hiyo ilitoka mfukoni kwangu, kama yalivyotoka marejesho ya Alhamisi. Dada yangu hajui, naomba anayemfahamu asimwambie amesikia redioni.

Jumatano saa moja jioni mpwa wangu alinipigia. Mashine imewaka. Ameingia katika bayosi, amewasha TPM, Windows 11 imekubali. Alikuwa anaongea kwa haraka, ananisomea kila kilichoandikwa kwenye kioo kama mtoto anayesoma mabango ya barabarani. Katikati ya maneno nikasikia kwa nyuma mlio wa UPS, piii, piii, piii.

"Umekatika?" nikamwuliza.

"Umekatika mtaa mzima," akasema. "Subiri Mjomba, nahifadhi mtihani wa darasa la saba."

Nikasubiri kwenye simu.